Walinzi Watatu wa Kompyuta ya Mama Chapa

"Antivirusi yako ndiyo mwizi! Yangu imekaa humu muda wote huo, haijawahi kumeza hata herufi moja ya mtu!"

"Mwizi? Mzee wangu, hebu soma hapo kwenye kioo. Soma kwa sauti na sisi tusikie. Nani ameandikwa kwamba ndiye aliyefungia faili? Ni yangu? Yangu ina ngao ya kijani. Hiyo nyekundu ni ya kwako."

Mzee Kufuli alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo, na hata alipostaafu hakuna mtu mtaani aliyemwita jina jingine. Mlango wa jiko lake peke yake una kufuli na komeo, na ndani ya jiko hamna kitu ila sufuria. Aliyekuwa akibishana naye ni Msusi, jirani wa upande wa pili wa ukuta, kitana kimechomekwa nyweleni, vidole vinateleza mafuta. Alikuwa amemwacha mteja wake nusu ya kichwa kimesukwa na nusu imesimama kama ufagio, eti anakuja mara moja kusikiliza kelele ni za nini. Sasa kelele zilikuwa za kwake.

"Imefungia kwa sababu imeona hatari," alisema Mzee Kufuli. "Mlinzi wa kweli hamfungulii kila anayebisha hodi."

"Na mwenye nyumba akibisha hodi je? Naye alale nje?"

Katikati yao, kwenye kiti, Mama Chapa alikuwa ameshika tama. Hakuwa amesema neno tangu wale wawili waingie. Alikuwa na ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao, unamsubiri pembeni mwa kitanda pamoja na ndala. Kompyuta ilikuwa yake, na meza, na kazi iliyopotea ilipotelea mikononi mwake. Lakini kwa jinsi wale wawili walivyokuwa wameinama juu yake, ungedhani yeye ndiye mgeni.

Kwenye kochi nyuma yao alikaa Nesi, na sare yake ya kazi, kiatu kimoja amekivua kwa sababu mguu umevimba. Alitoka wodini asubuhi akaja moja kwa moja. Ripoti iliyomezwa ilikuwa yake: utafiti wake wa mwisho wa chuo, alioufanya huku anahudumia wagonjwa, akiandika kwa mkono kwenye karatasi zenye alama za vikombe vya chai, na Mama Chapa akizichapa ukurasa kwa ukurasa. Chuo kilikuwa kinapokea ripoti mpaka jioni hiyo ofisi itakapofungwa. Asipopeleka, anarudia mwaka mzima, na ile nafasi ya kuwa mkuu wa wodi inakwenda kwa mwingine. Nesi hakupiga kelele. Alimuuliza Mama Chapa mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Dada, itapatikana?" na upole huo ulimchoma Mama Chapa kuliko matusi.

Jinsi kompyuta moja ya nyumbani ilivyopata walinzi watatu mtaa mzima unajua, kwa hiyo kuisimulia hapa si umbea.

Mume wa Mama Chapa alipofariki, wa kwanza kuja baada ya watu wa msiba kutawanyika alikuwa Mzee Kufuli. Alikuja na sidii kwenye bahasha. "Mwanangu," alisema, "sasa uko peke yako humu, na hiyo mashine ni mlango. Mtu anaweza kukuingilia kupitia hapo, wewe umekaa unapika." Akakaa, akaweka antivirusi yake kwa kidole kimoja, mchana kutwa, na Mama Chapa akasema asante.

Halafu Msusi. Kwenye kiti cha Msusi hupita habari zote za dunia, na siku hiyo mteja alikuwa amesimulia habari za virusi vipya vinavyofuta picha za watu na kuwatumia ndugu zao ujumbe wa aibu. Msusi hakumaliza hata kumsuka. Alichukua antivirusi ya mume wa mteja kwenye flashi, akaruka nayo. "Ya mzee iache tu, usije ukamvunja moyo. Lakini ya kukulinda hasa ni hii."

Wa tatu alikuwa Shemeji, mdogo wa marehemu, anayefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi na kiyoyozi. Alipozikuta zile mbili alitikisa kichwa. Angeweza kuziondoa siku ile ile, lakini naye ana adabu zake, hakutaka majirani waseme amekuja kuwadharau. Basi akaweka ya tatu juu yao, "iwasimamie hao wawili," na akaifunga kwa neno la siri ili asiitoe mtu.

Mama Chapa hakuwa mjinga. Alikwisha kusoma kwamba programu hizi haziwekwi pamoja. Kila moja inataka kukagua faili pale pale linapofunguliwa, kwa hiyo faili moja linavutwa na watatu, huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu. Tena kila moja ikimwona mwenzake anachungulia kila pembe na kubeba ndani mwake alama za virusi vyote vinavyojulikana, inaamua kwamba huyo ndiye kirusi mwenyewe. Alijua. Lakini utatoaje kitu ambacho mtu amekuletea kwa mikono miwili? Mzee Kufuli alikuwa akimuuliza kila asubuhi juu ya ukuta, "Mlinzi ameamkaje?" Msusi akija kuomba chumvi lazima apitishe jicho kwenye kona ya kioo aone kama ngao ya kijani ipo. Na Shemeji, kila Jumapili, alikuwa akiisalimia kompyuta kabla hajawasalimu wenye roho.

Kwa hiyo Mama Chapa alizoea. Anawasha mashine, anakwenda kuosha vyombo. Anarudi, kale kaduara bado kanazunguka, anakwenda kufagia. Akichapa mstari, herufi zinafika moja moja kama watu wanaokuja kwenye kikao cha harusi. Alizoea kama alivyozoea kuulizwa anakwenda wapi na mkoba huo, na nani alikuwa anaongea naye mlangoni, na kwa nini taa yake ilichelewa kuzimwa.

Asubuhi hii alikuwa amefungua ripoti ya Nesi ili aiweke kwenye flashi, basi. Kiolezo walichopewa na chuo kilikuwa na majedwali yanayojijaza yenyewe, na hayo majedwali ndiyo yaliyomtia wasiwasi mlinzi mwekundu. Mashine iliguna. Madirisha matatu yaliruka kwa mpigo, kila moja na rangi yake, na ripoti haikuwepo tena. Alichomeka flashi yenye nakala ya wiki iliyopita, nayo ikafagiliwa macho yake yakiona.

"Haya, hapo pameandikwa nini?" Msusi alikuwa bado anasukumana na Mzee mbele ya kioo. "Hebu nisomee mimi sina miwani."

Mzee Kufuli alisoma, kisha akakohoa. "Inasema... imekamata kirusi."

"Kirusi gani?"

"Jina lake..." Alitazama pembeni. "Ni hiyo ya kwako."

"Mimi!" Msusi alijishika kifua. "Mimi leo naitwa kirusi! Jirani niliyekutengea chakula mkeo alipolazwa!"

"Sijakuita mimi, ni mashine."

"Mashine imejifunzia wapi? Si kwako?"

"Basi," alisema Mama Chapa.

Alilisema taratibu, lakini kwa kuwa lilikuwa neno lake la kwanza, wote wawili walinyamaza.

"Mzee, naomba ukae. Na wewe kaa, mwenzangu. Kaeni pale na Nesi, tena mpisheni mguu wake. Mnanizibia mwanga."

Walikaa. Watatu kwenye kochi la watu wawili, Mzee Kufuli pembeni kabisa, goti nje, kama abiria wa mwisho.

Mama Chapa alivuta kiti. Alifungua karantini ya yule mwekundu, pale programu inapofungia vitu inavyovishuku, na kumbe ripoti ilikuwemo. Haikuwa imefutwa. Alibonyeza irudishwe. Ikarudi, ikaonekana kwa muda wa kupepesa jicho, ikanyakuliwa na ya kijani.

"Nimeiona!" Nesi alisimama na kiatu kimoja.

"Mwenzangu," Mama Chapa alisema bila kugeuka, "naizima yako."

Msusi alipangusa mafuta vidoleni. "Kwa ajili ya Nesi, zima. Lakini ya Mzee nayo..."

"Ya Mzee zamu yake inakuja."

Aliizima. Akaizima na nyekundu. Akaitoa ripoti upya kwenye karantini ya kijani, na safari hii ikadakwa na ile ya bluu, ya Shemeji. Alijaribu kuizima ya bluu. Likatoka kisanduku kidogo, cheupe, kinadai neno la siri.

Mama Chapa alikitazama kile kisanduku kwa muda. Mzee Kufuli na Msusi angeweza kuwaambia chochote, ni watu wa kununiana asubuhi na kuazimana kibiriti jioni. Lakini Shemeji ndiye aliyeshika jembe la kwanza makaburini. Ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema huyu mjane yuko chini ya uangalizi wangu, na watu wakaitikia. Tangu siku hiyo Mama Chapa hajawahi kumwambia hapana kwa neno zima. Amekuwa akimwambia "tutaona," na "bado nafikiri," na "Mungu akipenda."

Alichukua simu. Akaiweka mezani, sauti nje, kwa sababu mikono aliitaka kwenye kibodi.

"Shemeji, habari za kazini."

"Nzuri, shemeji. Kuna nini? Umeibiwa?"

"Sijaibiwa. Naomba neno la siri la ile antivirusi yako. Naitoa."

Nyuma ya Shemeji kulisikika watu wa ofisini wakicheka jambo lao. "Unaitoa? Hapana, hapana. Usiguse kitu. Nitakuja Jumapili niitazame kwa utulivu."

"Kuna kazi ya mtu imekamatwa humo, anaihitaji leo."

"Mwambie asubiri. Shemeji, wewe huwajui hawa watu wa mitandaoni. Mimi ninawaona kila siku. Nikikuacha wazi hivi hivi, kaka yangu ataniona mtu wa namna gani? Kaka aliniachia..."

"Kaka yako hakukuachia kompyuta."

Lilimtoka kabla hajalipima. Kwenye kochi Msusi aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee Kufuli aliinua macho akawa anaikagua dari, bodi moja baada ya nyingine.

"Alituacha sote, wewe na mimi," Mama Chapa aliendelea, na sauti yake haikupanda, ilizidi kushuka. "Kompyuta ni yangu. Ndiyo jembe langu. Nakaa mbele yake mchana kutwa nasubiri herufi zifike, kwa sababu naogopa kukuudhi wewe, na Mzee, na Msusi. Nimechoka, shemeji. Nimechoka kulindwa."

Nesi alinyoosha shingo kuona kama simu imekatika.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Shemeji. Ile sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka.

"Hujanikosea. Hakuna aliyenikosea humu. Ndiyo maana imefika hapa."

"Basi nitakutumia kwa ujumbe."

"Nitajie tu, nimeshika kibodi."

"Ujumbe ni bora, shemeji."

"Mtu wangu anafungiwa ofisi! Nitajie."

Shemeji alikohoa. Ilisikika akisogea, mlango ukafungwa, kisha akanong'ona, na simu kwa uaminifu wake wote ikaupaza mnong'ono sebule nzima: "Hasikiihuyu. Neno moja. Herufi ndogo zote."

Msusi alitoka kwenye kochi akakaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa, kwa sababu kicheko kilimkata miguu. Mzee Kufuli alijikaza, mabega yakawa yanamcheza. Hata Nesi alicheka, akainamisha uso kwenye mkoba.

Mama Chapa alichapa herufi kwa herufi. Pembe ya mdomo wake ilitikisika, akaituliza.

"Niliiweka siku ile uliyokataa kuhamia kwetu," alisema Shemeji. "Nilikuwa na hasira."

"Siku yenyewe naikumbuka. Imekubali. Asante, shemeji."

Ya bluu ikatoka. Ripoti ikarudi, na safari hii haikuwa na mtu wa kuidaka. Waliifungua, Nesi kasimama nyuma ya kiti akizihesabu kurasa kwa midomo bila sauti: majedwali, picha, shukrani kwa mama yake. Kila kitu kilikuwepo. Mama Chapa aliitia kwenye flashi, akaichomoa, akamwekea mkononi, akamfunga vidole juu yake kama anamkabidhi mtoto.

"Kimbia."

"Dada..."

"Kimbia kwanza. Na vaa kiatu!"

Walimsikia akipita kibarazani, kisha akimwita mtu wa pikipiki kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo.

Mzee Kufuli alisimama, akajinyoosha suruali, akasogea mezani. "Afadhali. Sasa washa yangu, mwanangu, tusikae mlango wazi."

"Na yangu," alisema Msusi kutoka sakafuni. "Au moja tu, yoyote. Lakini ya mzee iliniita kirusi, usisahau."

Hapo ndipo Mama Chapa angeweza kusema "tutaona." Walikuwa wamemzoeza hivyo, naye alikuwa amewazoeza hivyo. Angeacha moja, akawa amemchagua mmoja, na mwingine angenuna mpaka mwaka mpya.

"Mzee," alisema, "baba yangu, ulikuja wakati watu wote wameshaondoka. Sijasahau. Wewe pia, mwenzangu. Lakini nazitoa zote."

"Zote?"

"Zote."

"Halafu ubaki na nini?"

Alizitoa mbele yao, ya kijani kwanza, kisha nyekundu, na kila mashine ilipouliza kama ana hakika, alibonyeza ndiyo. Kompyuta ikajizima na kujiwasha. Kwa mazoea alisimama aende kuosha vyombo. Hakuwa amefika mlango wa jiko, kioo kikawa kimeshawaka, kila kitu mahali pake, kinamsubiri. Alirudi akakaa. Kwenye kona palitokea ngao ndogo nyeupe, isiyo na sauti.

"Na huyo ni nani tena?" aliuliza Mzee Kufuli kwa ukali.

"Ni wa humu humu, alikuja na mashine. Walipoingia wale wengine alikaa pembeni, ndivyo alivyotengenezwa. Wakitoka anaamka mwenyewe."

Mzee Kufuli alimtazama yule mlinzi mgeni kwa jicho la mtunza stoo anayepewa bosi mpya. Kisha akasema, "Haya, kila la heri," na akatoka bila kuaga, mgongo umenyooka. Msusi alikaa kidogo zaidi, akaokota kitana kilichoanguka.

"Amenuna," alisema.

"Najua."

"Mimi pia nimenuna, ila mimi nina mteja." Alifika mlangoni akageuka. "Hasikiihuyu! Wallahi hii nitaisuka kwenye vichwa vya watu wote."

Mama Chapa alibaki peke yake. Alitaka kulala pale pale, shavu kwenye meza. Lakini alikuwa na barua ya mtu ya kuomba kazi, akaichapa, na herufi zikawa zinafika kabla hata kidole hakijanyanyuka, mpaka akajikuta anachapa polepole, kwa hofu tu. Alipomaliza aliinjika maharage, akapika wali. Alipika mwingi, kama kawaida yake. Hajawahi kujifunza kupika wa mtu mmoja na hakuwa na nguvu ya kuanza kujifunza.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa simu ilipolia kwa ujumbe wa Nesi: *Wamepokea. Nalala. Usinipigie, hata nyumba ikiungua.* Mama Chapa aliusoma akiwa ameshika mwiko, akauegemea ukuta wa jiko, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka aliposikia watu wanaongea getini, sauti za chini, za watu wanaosengenya.

"Na ya kwako ameitoa?"

"Ameitoa. Mbele ya macho yangu."

"Na ya huyo Msusi?"

"Zote, baba. Amebaki na kitu fulani cheupe."

"Cheupe? Kile? Aa. Kwa kweli kile si kibaya."

"Si kibaya?"

"Ofisini kwetu ndicho tunachotumia."

"Sasa kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Na wewe kwa nini ulileta ya kwako?"

Mama Chapa alifungua mlango. Shemeji alikuwa amesimama nje ya geti na shati la ofisini, tai imelegea, amekuja njia nzima hiyo siku isiyo Jumapili na sasa hajui aingie kama nani. Mzee Kufuli alikuwa ameegemea nguzo, akajifanya anakagua bawaba za geti.

"Shikamoo, shemeji," alisema Shemeji, na macho yake hayakwenda kwenye kompyuta, ingawa ilionekana kabisa kupitia mlango. Yalibaki chini, kwenye viatu vyake. "Nilikuwa napita."

Kwao na pale si njia moja. Mama Chapa hakumwambia hivyo.

"Marahaba. Ingia, unawe mikono. Na wewe Mzee."

"Mimi nimeshakula," alisema Mzee Kufuli.

"Sikukuuliza kama umekula. Nimesema ingia, na umpigie kelele Msusi hapo ukutani, aje na mteja wake, hata kama ana nusu kichwa. Chakula ni kingi, na mimi siwezi kusimama tena."